Daftari la Shule na Daftari la Soko: Mafundisho ya Biashara katika Shule za Sekondari za Kongo

Kiswahili kilipofika Maniema katika nusu ya pili ya karne ya 19, kilifika kikiwa lugha ya watu wenye kuhesabu. Misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo, haikuendeshwa kwa bunduki peke yake. Nyuma yake walikuwako matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, waliomkopesha Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, bidhaa ambazo deni lake lilipaswa kulipwa kwa pembe za ndovu. Habari za maisha ambazo Tippu Tip alizisimulia kwa Kiswahili zimejaa mikopo, bei na mizigo. Maneno kama daftari, rasilimali, faida, hasara, dalali na hundi yaliivuka Tanganyika pamoja na mizigo hiyo. Kwamba biashara hiyo ilikuwa pia ya watumwa, na kwamba iliacha vijiji vingi majivu, si jambo la kufunikwa. Lakini kwa historia ya elimu, jambo lenye uzito ni kwamba mashariki ya Kongo yalikuwa na msamiati wa biashara kabla ya kuwa na shule moja ya sekondari, na kwamba shule ilipokuja kufundisha biashara, msamiati huo uliachwa nje ya mlango.

Shule ya kikoloni haikukusudia kumfundisha Mkongo kuendesha biashara. Mpango wa masomo uliotangazwa mwaka 1929, ambao uliikabidhi kazi ya elimu kwa misheni za Kibelgiji zilizopata msaada wa fedha wa Serikali, uliweka juu ya shule ya msingi shule maalum za aina chache: za walimu, za mafundi, na za wale walioandaliwa kuwa makarani. Huyo wa mwisho alijifunza Kifaransa, hesabu, mwandiko safi na kazi za ofisi. Alihitajiwa na Serikali, na reli, na makampuni makubwa, mfano Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906. Karani, au kalaka kama wasemavyo wenye Lingala, alikuwa mtu wa heshima katika mji, mwenye kalamu mfukoni na mshahara wa mwezi. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba aliandika katika daftari la mtu mwingine. Aliandika kilichonunuliwa bila kuulizwa kama kilifaa kununuliwa. Tofauti hii kati ya kuandika hesabu na kuamua kwa hesabu ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata.

Mageuzi ya mwaka 1948 yalifungua njia ya elimu ya sekondari kwa Waafrika, na vyuo vikuu viwili vikafuata, Lovanium mwaka 1954 na kile cha Élisabethville mwaka 1956. Vilikuja vimechelewa. Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30, na katika vyeo vya juu vya utawala, ambavyo vilizidi 4,000, Wakongo walikuwa watatu tu. Nchi mpya ilihitaji watu wa ofisi kwa haraka, na hiyo ndiyo sababu tawi la sekondari lililohusu biashara likaitwa la biashara na utawala pamoja. Wanafunzi na wazazi walifupisha jina, wakasema tu Komersiale. Lakini nusu ya pili ya jina ndiyo iliyotawala. Mwanafunzi alifundishwa uwekaji wa hesabu, barua za biashara, hesabu za riba, jiografia ya uchumi, sheria kidogo, na kupiga mashine. Na alipofaulu Mtihani wa Serikali, uliowekwa mwaka 1967, alitafuta kiti mbele ya mashine ya kuandikia, si duka.

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zitapewa wananchi. Hakuna darasa lolote la biashara lililowahi kupewa zoezi la ukubwa huo. Katika miezi michache watu walijikuta na ghala zilizojaa, wakaziuza, wakazila fedha za mauzo kana kwamba zote ni faida, na hawakuagiza mali nyingine. Rafu zikabaki tupu, wafanyakazi wakakosa mishahara, na deni kwa wenye viwanda halikulipwa. Mwishoni mwa mwaka 1975 Serikali ilianza kuwarudishia wenyewe sehemu ya mali, na mwaka 1976 ikaruhusu warudishiwe hadi asilimia 60. Imekuwa desturi kusema kwamba Wakongo walishindwa kwa sababu hawakusoma biashara. Maelezo hayo ni mepesi mno. Wengi wa waliogawiwa walichaguliwa kwa ukaribu wao na chama na watawala.  Shule ilikuwa na kosa lake, lakini si hilo.

Wakati huohuo, Sheria ya tarehe 16 Julai 1976 iliweka mpango mmoja wa uwekaji hesabu kwa nchi nzima. Kwa shule, faida ilikuwa kubwa. Mwanafunzi wa Bukavu na mwanafunzi wa Mbandaka walijifunza namba zilezile: akaunti za kundi la 4 kwa watu wanaodai na wanaodaiwa, 41 kwa wateja, 57 kwa sanduku la fedha, kundi la 6 kwa gharama, kundi la 7 kwa mapato. Kitabu kimoja kiliweza kutumika kila mahali, na Mtihani wa Serikali ukapata kipimo kimoja.

Hapa ndipo lugha ilipoleta taabu ambayo wataalamu wa uwekaji hesabu hawakuitazama, kwa kuwa haikuwa yao kuitazama. Katika soko la Lubumbashi au la Bukavu, kuchukua kitu kwa krediti ni kukichukua bila kulipa. Neno hilo linaashiria deni na mashaka. Mtoto wa muuzaji anaingia darasani na neno hilo, anaambiwa kwamba fedha inapoingia sandukuni huandikwa upande wa debiti, na inapotoka huandikwa upande wa krediti. Anakariri. Hana njia ya kuliunganisha neno la kitabu na lile la nyumbani, kwa sababu yanafanana sauti na yanapingana maana. Kiswahili kingeweza kumsaidia, na si kwa kubuni maneno mapya. Kitenzi kudai kinatoa mdai na mdaiwa. Kitenzi cha zamani kuwia kinatoa mwia na mwiwa. Kauli ya kutendwa peke yake inaonyesha nani yuko upande gani wa deni. Kuingia na kutoka, kupokea na kutoa, ni jozi ambazo kila mtoto anazo kabla ya kujua kusoma. Walimu wengi wanalijua hilo, wakaeleza kwa Kiswahili kwa mdomo huku wakiandika Kifaransa ubaoni. Ila maelezo ya mdomo hayapimwi katika mtihani, wala hayaingii katika kitabu cha mwaka unaofuata.

Miaka ya 1980 na 1990 iliongeza pengo hilo kwa njia ya kikatili zaidi, yaani kwa kuanguka kwa fedha. Oktoba 1993 zaire mpya ilichukua mahali pa zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka 1994 bei ziliongezeka kwa asilimia zilizohesabiwa kwa maelfu. Katika hali hiyo hesabu ya shule iligeuka kuwa mtego. Fikiria mfanyabiashara aliyenunua magunia 10 ya unga kwa bei ya 100 kila moja, akayauza baada ya mwezi kwa 150. Daftari la shule linasema: gharama 1,000, mauzo 1,500, faida 500. Lakini kwa mwenye ghala gunia limekwisha kufika 200. Kwa 1,500 zake zote hapati tena magunia 10. Anapata 7 na nusu. Akiamini daftari, akala zile 500 kama faida halali, anabaki na magunia 5. Amepata faida katika kitabu na amepoteza nusu ya duka. Sheria ya mwaka 1989 iliyaruhusu makampuni kuhesabu upya thamani ya majengo na mitambo yao. Kwa gunia la unga haikuwa na dawa.

Mama aliyeuza unga huo sokoni hakuhitaji kufundishwa jambo hili. Alihesabu kwa magunia. Alibadili fedha kuwa mali au dola siku ileile, na alishiriki likelemba ya muda mfupi ili mchango wake usioze kabla ya zamu yake. Utafiti wa Janet MacGaffey kuhusu Kisangani, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kwamba wapo wafanyabiashara, wanawake wakiwamo, waliojenga mali bila cheo cha kisiasa. Wanande wa Butembo nao walijenga biashara ya mbali, hadi Dubai na Asia ya Mashariki, kwa kutegemeana na kuaminiana zaidi kuliko kwa benki. Ujuzi wa uendeshaji ulikuwako, basi, tena ulikuwa mwingi. Ulichokosa ni maandishi. Na shule, iliyokuwa na maandishi, ilikosa ujuzi huo. Mtoto aliyesoma Komersiale asubuhi na kusaidia mezani kwa mama yake jioni alikuwa na mwalimu wawili ambao hawakuwahi kukutana.

Si sahihi kudhani kwamba majirani walikwisha kulitatua tatizo hili. Tanzania, baada ya azimio la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, iliunda michepuo ya biashara, kilimo, ufundi na sayansikimu katika sekondari, na mtaala uliorekebishwa mwaka 2023 umelipa somo la biashara nafasi kubwa zaidi. Hata hivyo lugha ya kufundishia sekondari imebaki Kiingereza. Tofauti iko nje ya sekondari. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963, na vyama vya ushirika vyenyewe vilihitaji makatibu na waweka hazina wa vijijini waelewe hesabu, na hivyo maneno kama stakabadhi, ankara, leja, urari na mizania yalipata kazi ya kila siku. Nchini Kongo mengi ya maneno hayo yanajulikana na wasomaji wa Kiswahili sanifu, si na wauzaji.

Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na mfumo wa hesabu wa jumuiya hiyo ukachukua mahali pa ule wa 1976 kwa makampuni tangu tarehe 1 Januari 2014. Vitabu vya shule vililazimika kufuata. Katika sheria hizo mpya mna jambo moja la kuangaliwa: mfanyabiashara mdogo kabisa anatambuliwa, na anaruhusiwa kuweka hesabu nyepesi, ya mapato na matumizi ya kila siku, bila jengo zima la akaunti zenye namba. Kwa maneno mengine, daftari la mama wa sokoni limepata mahali katika sheria. Lugha za kazi za OHADA ni Kifaransa, Kiingereza, Kihispania na Kireno. Na Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika madarasa ya kwanza ya shule ya msingi, si katika sekondari.

Tarehe 11 Julai 2022 Kongo ilikamilisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka uliotangulia ilikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Mali nyingi za Lubumbashi hupita bandari ya Dar es Salaam, na karatasi zake hujadiliwa kwa Kiswahili na mawakala, madereva na watu wa ushuru kabla hazijaandikwa kwa lugha nyingine yoyote. Mhitimu wa Komersiale anayepelekwa kuupokea mzigo huo anafika na namba 41 na 57 kichwani, na kwa wakala wa forodha anaanza kujifunza upya, kwa kusikiliza, maneno ambayo babu wa babu yake aliyasikia Kasongo.