Historia ya Lamu Imepanda Basi Pia

Kila mtu akiongea Lamu mtandaoni ni jahazi, punda na milango ya kuchongwa. Sawa, ni maridadi, hata mimi nimepiga hizo picha. Lakini ule unga, ile saruji, wale walimu wanaopelekwa shule za huko ndani, na yule mgonjwa wa Witu aliyeambiwa aende hospitali ya Malindi, wote hupita wapi? Si kwa jahazi, buda. Hupita kwa basi. Na nikwambie ukweli, ukitaka kujua serikali zetu zimewachukuliaje watu wa upande ule tangu uhuru, achana na makavazi kidogo, fuata hilo basi.

Kwa wale hamjawahi kupita: ukitoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, unapita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, halafu Marereni, halafu ni nyika tu mpaka Garsen kwenye mto Tana. Hapo unakata kuelekea mashariki. Gamba, Nyongoro, Witu, Mkunumbi, Hindi, mpaka Mokowe ambapo bara linaishia na unaingia boti ya kwenda kisiwani. Ni zaidi ya kilomita 200. Katikati kuna Wapokomo wanaolima kando ya mto, Waorma na ng'ombe wao, Wagiriama, Waboni wa msituni, Waswahili, na Wakikuyu waliokuja baadaye. Hao wote steji yao ni moja, na basi ni lile lile.

Witu ndiyo hunimaliza. Leo ni mahali unanunua embe dirishani, dakika kumi, mnaondoka. Kumbe huu mji ulikuwa na sultani wake! Ahmed, aliyeitwa Simba, alitoka Pate akikimbia nguvu za Zanzibar, akajificha huku msituni, na watumwa waliotoroka mabwana zao wakaja kuishi chini yake. Mwaka 1885 Wajerumani wakaingia wakasema Witu iko chini ya ulinzi wao. Ilikuwa mpaka na stempu zake za posta. Miaka 5 baadaye wakawaachia Waingereza katika mkataba ule ule wa 1890 uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland huko Ulaya. Mwaka huo huo Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na Oktoba Waingereza wakaja na jeshi wakauchoma mji. Sasa fikiria mji wa historia kama hiyo, halafu sisi tunaulala ndani ya basi na earphone masikioni.

Baada ya uhuru barabara ikabaki vumbi. Na maji. Kabla ya madaraja, safari ya Pwani ilikuwa ni kusubiri feri: Kilifi yenyewe, iliyo karibu na Mombasa, ilipata daraja 1991. Garsen nako ulivuka Tana kwa feri, na mto ukifura, abiria walivuka kwa mtumbwi na mizigo yao wakapanda gari lingine ng'ambo. Sijui kama umeielewa hiyo. Unakata tiketi ya basi, halafu katikati ya safari unapewa mtumbwi.

Lakini mabasi yalijaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Jomo Kenyatta ilianzisha makazi ya Mpeketoni, ikawaleta watu wasio na mashamba, wengi wao Wakikuyu kutoka bara. Pamba, mahindi na korosho zikaanza kutoka huko ndani, na hakukuwa na reli wala njia nyingine ya maana. Hapo ndipo basi lilipokuwa kila kitu: lori, posta, ambulensi. Barua ya shangazi anapewa konda. Pesa za karo anapewa konda. Siku hizi tuna Mpesa, lakini kuna wamama wa kule mpaka kesho wanaamini dereva kuliko simu.

Halafu ikaja hofu. Januari 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa Somalia, bunduki zikasambaa, na miaka hiyo ya tisini mashifta walikuwa wakivamia magari kati ya Garsen na Lamu. Polisi wakaanza kusindikiza mabasi, askari na bunduki ndani, au magari kwa msafara. Tena Juni 2014 Al-Shabaab wakashambulia Mpeketoni, wakaua makumi ya watu, na mwezi uliofuata basi likapigwa risasi karibu na Witu, watu wasiopungua 7 wakafa. Amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Lamu. Januari 2020 basi lingine, Nyongoro, watu wakauawa tena.

Sisemi usalama si muhimu. Ningekuwa ndani ya hilo basi ningetaka askari wawili, watatu, wote. Lakini angalia kile msafara unafanya kwa mtu wa kijijini. Basi linaondoka saa ya msafara, si saa ya soko. Msafara ukishaenda, umeenda. Mama aliyefika Gamba amechelewa na kapu lake la samaki, hiyo siku imeisha, na samaki hawajui habari za usalama wa taifa. Kwa miaka mingi barabara hii ilihesabiwa kama tatizo la polisi. Kama huduma ya watu, hakuna aliyeihesabu.

Na lami? Lami ilikuja, manze, na ni poa sana, sitadanganya. Lakini cheki tarehe. Machi 2012 marais Kibaki na Kiir na waziri mkuu wa Ethiopia, Meles, wanazindua mradi wa bandari ya Lamu. Bandari inaanza kujengwa. Ndipo kilomita 135 za Garsen mpaka Lamu zikapewa mkandarasi, na Mei 2021 gati ya kwanza ikafunguliwa. Wapokomo na Waorma walikula vumbi zaidi ya miaka 50 bila mtu kuona haraka. Kontena zilipotajwa, haraka ikapatikana. Kuna watu wataniambia maendeleo ni maendeleo, nishukuru. Nashukuru. Lakini naweza kushukuru na bado nikasoma kalenda.

Mwaka jana nilipanda basi moja kwenda huko, kampuni siitaji. Baada ya Garsen mama mmoja alisimamisha kwa mkono, ana mtoto mgongoni na madumu mawili. Dereva alipunguza, konda akatoa kichwa: "Mamangu, hii ni ya moja kwa moja, ngojea ya nyuma." Mzee aliyekaa kando yangu alimuuliza, "Mwanangu, ya nyuma ni ipi?" Konda akacheka tu. Hakukuwa na ya nyuma. Kulikuwa na bodaboda, na bodaboda ya umbali huo inakula faida yote ya madumu yale. Zamani, mzee akaniambia, gari lilikuwa bovu, lilikuwa linachelewa, mlikuwa mnalisukuma wenyewe kwenye tope, lakini lilikuwa linasimama.

Hiyo ndiyo sehemu inaniuma. Lami imefanya Malindi na Lamu zikaribiane, na vijiji vya katikati vimekuwa vitu vya kuona dirishani. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipofunika barabara upande wa Gamba, ghafla kila mtu alikumbuka hivyo vijiji vipo, kwa sababu ndiko abiria walikwama, na ndiko walikotafuta chai na mahali pa kulaza watoto.

Kaunti za Tana River na Lamu zina magavana, zina bajeti, na wanajua kuzindua vitu. Mimi ningeanza na kitu kidogo kabisa: leseni ya njia hii iwe na masharti ya kusimama. Gamba, Nyongoro, Witu, Mkunumbi, Hindi. Basi likikataa, linyimwe njia. Konda atalalamika wiki moja, atazoea.

Nikirudi nitatafuta wazee wa Witu wanaokumbuka feri ya Garsen, niwarekodi. Kama babu yako ama nyanya yako alipanda hayo mabasi, mwulize nauli ilikuwa ngapi na safari ilichukua siku ngapi, kisha uniandikie.