Mapenzi, Taharuki na Onyesho la Shule katika Riwaya ya Vijana

Uhakiki wa fasihi pendwa aghalabu huanza kwa shutuma: ati riwaya ya mapenzi na taharuki ni ya kupitishia wakati tu, na ile inayoandikiwa vijana ndiyo duni zaidi. Shutuma hiyo inasahau nasaba ya utanzu wenyewe. Kisa cha wanafunzi wanaoandaa tamthilia, wawili kati yao wakapendana mazoezini huku mtu asiyejulikana akiwawinda, hakikuzuka juzi katika vitabu vya bei nafuu. Mizizi yake imo katika swali la kale: kijana anapotamka maneno ya mapenzi yaliyotungwa na mwingine, ni nani hasa anayesema?

Jane Austen alilichimba swali hilo katika Mansfield Park (1814). Mandhari yake si shule bali nyumba ya tajiri, Sir Thomas Bertram, aliyesafiri kwenda Antigua. Vijana aliowaacha wanaamua kuigiza Lovers' Vows, tamthilia ya Kotzebue ambayo Elizabeth Inchbald aliitoa kwa Kiingereza mwaka wa 1798. Maria, aliyekwisha kuposwa na Rushworth, anaigiza Agatha. Henry Crawford anamwigiza Frederick, mwanawe Agatha. Ujanja wa mwandishi uko hapa. Mama na mwana wakikumbatiana, nani atawalaumu? Kwa hiyo mazoezi yanarudiwa tena na tena, na mchumba hana la kusema. Kali zaidi ni hali ya Fanny Price, aliyekataa kuigiza. Anaombwa awasaidie Edmund na Mary Crawford kufanya mazoezi ya sehemu yao ya mapenzi, ilhali yeye mwenyewe anampenda Edmund kimoyomoyo. Hapana bastola wala maiti, lakini taharuki imetanda, na inafikia kilele habari zinapoletwa ghafla kwamba baba amerejea, Henry angali ameukumbatia mkono wa Maria kifuani. Sir Thomas anaamuru jukwaa livunjwe, na nakala za tamthilia anazozikuta anazichoma. Moto huo haukuzima chochote: Maria anaolewa na Rushworth, kisha anatoroka na Henry.

Gaston Leroux aliongeza mzuka. Le Fantôme de l'Opéra, iliyotoka kwa mfululizo gazetini mwaka wa 1909 na 1910, iliazima ajali ya kweli ya 1896, uzani wa taa kubwa ulipoanguka katika jumba la opera la Paris na kumwua mwanamke mmoja. Mzuka wake, Erik, ni binadamu anayempenda mwimbaji Christine. Msomaji aliyemzoea Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hatashangazwa na ufichuzi huo. R. L. Stine aliupeleka mzuka shuleni Marekani katika Phantom of the Auditorium (1994), ila mapenzi humo ni haba, na mzuka ni mzuka kweli. Huo ni upungufu, kwani hofu isiyo na binadamu nyuma yake huisha kitabu kinapofungwa.

Mwandishi wa Kenya hana haja ya kuazima mzuka. Mwaka wa 2013 Shackles of Doom ya shule ya wasichana ya Butere ilizuiwa kuingia katika tamasha la kitaifa la maigizo, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru iruhusiwe. Aprili 2025 ikawa zamu ya Echoes of War ya shule iyo hiyo: amri ya mahakama ilikuwapo, lakini polisi walitumia gesi ya kutoa machozi huko Nakuru, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Sir Thomas wa leo ana askari. Tamthilia hizo zilihusu siasa, si mahaba. Hata hivyo riwaya itakayozaliwa na matukio ya aina hiyo itahitaji Fanny wake, msichana anayetazama kutoka pembeni mwa jukwaa, anayejua ni nani anampenda nani, na aliyekwisha kukariri kila neno ambalo halikusemwa.