Kidirisha na Dirisha Lake

Msomaji, ukimtazama karani mbele ya kompyuta yake utaona dirisha kubwa lenye majedwali ya hesabu, na juu yake, mara kwa mara, kidirisha kidogo kinachomwuliza neno: jina la mteja, tarehe, au kama kazi ihifadhiwe. Kidirisha hicho huonekana kitu duni. Lakini kina nasaba, na nasaba hiyo ikikatika, kazi ya kutwa nzima yaweza kupotea.

Madirisha ya kompyuta yalilelewa katika miaka ya 1970 huko Palo Alto, Marekani, katika maabara ya Xerox. Macintosh ya Apple iliyaeneza tangu mwaka 1984, na Novemba 1985 Microsoft ilitoa Windows ya kwanza. Katika Windows, dirisha laweza kumilikiwa na dirisha jingine. Linalomilikiwa hukaa daima juu ya mmiliki wake. Mmiliki akikunjwa, nalo hufichika. Akifungwa, nalo hutoweka. Ni mtumbwi uliofungwa nyuma ya jahazi.

Mwaka 1993 Excel ya tano ilikuja na lugha ya VBA, na Office ya mwaka 1997 ikaongeza fomu ambazo mtu aliweza kujichorea mwenyewe. Basi wahasibu na makarani, watu wasiosomea uhandisi wa kompyuta, wakajiundia vidirisha vyao. Excel yenyewe ilivifunga kwenye dirisha lake, wala mwandishi hakuwa na haja ya kufikiri juu ya kamba. Fundi aliyeunda kidirisha kwa programu nyingine ya nje ndiye aliyepaswa kumtaja mmiliki. Akisahau, kidirisha huweza kuteleza nyuma ya jedwali. Hebu fikiri, msomaji: kidirisha kinangoja jibu, na mpaka kijibiwe jedwali halikubali kuguswa, karani hakioni, adhani mashine imekufa, aizime, na yote ambayo hakuyahifadhi yaende zake.

Zamani Excel ilikuwa nyumba moja, na vitabu vyote vya hesabu vilikuwa vyumba ndani yake. Excel ya mwaka 2013 iliivunja nyumba hiyo, ikakipa kila kitabu dirisha lake peke yake. Kwa mwenye skrini mbili badiliko lile lilikuwa jema, nami silishutumu. Ila fomu zilizoachwa wazi wakati kazi ikiendelea zilikuwa zimefungwa kwa kitabu kimoja tu; karani alipogeukia kitabu cha pili, fomu ilibaki nyuma pamoja na kile cha kwanza.

Dawa ilipatikana katika ile sheria ya umiliki. Kila dirisha lina nambari yake katika Windows. Mwandishi huitafuta nambari ya fomu, na kila kitabu kipya kinaposhika zamu, huiagiza Windows ibadilishe mmiliki: mtumbwi hufunguliwa jahazi hili, ukafungwa lile. Ajabu ndogo ni kwamba fomu hizo hutafutwa kwa jina la jamii yao, ThunderDFrame. Thunder, yaani ngurumo, lilikuwa jina la siri la Visual Basic ilipokuwa ikijengwa, kabla haijatolewa mwaka 1991, na jina hilo bado limo ndani ya fomu za makarani.