Wakaao Topeni: Milango ya Mito ya Bukavu

Ziwa Kivu, ambalo juu ya rasi zake za kusini umejengwa mji wa Bukavu, lina kina cha takriban mita 485, lakini wanyama wake wa chini wote wamefinywa katika ukingo mwembamba. Maana ukishapita mita 60 hivi maji hayana oksijeni, yamejaa methani na gesi ya kaboni, wala hapana konokono wala mnyoo awezaye kuishi humo. Hayo ndiyo aliyoyakuta Hubert Damas, mwanazuoni wa Kibelgiji, alipolipima ziwa mwaka 1935. Na baada yake, hata ilipoasisiwa taasisi ya utafiti wa sayansi, IRSAC, mwaka 1947 na kufanya makao yake Lwiro, naona ajabu ya vilindi, na baadaye habari ya samaki wadogo waitwao sambaza, walioletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, ziliwashughulisha watu kuliko tope la pembeni.

Ilhali elimu ya tope ilikuwako zamani. Mwaka 1909 Kolkwitz na Marsson, huko Ujerumani, walikwisha kubainisha kwamba uchafu wa mto hujulikana kwa wanyama wakaao humo, kwa kuwa maji yaliyotekwa chupani hueleza saa ile tu yalipotekwa, lakini kiumbe aliyeishi miezi mingi chini ya jiwe amekwisha kupitiwa na kila kilichomwagwa, hata kile kilichomwagwa usiku kwa siri. Palipo safi huonekana watoto wa wadudu wale ambao, wakishapata mbawa, umri wao ni siku moja au mbili. Palipooza husalia minyoo myembamba na viluwiluwi vyekundu vya usubi, ambavyo wekundu wao ni wa damu yenye kushika oksijeni hata ikiwa haba.

Sasa utazame mto Kahuwa, unaoshuka kati ya vilima vya mji na kuingia ziwani. Costermansville, kama Wabelgiji walivyouita mji huu wa Bukavu, ilikusudiwa watu wachache. Vita vya tangu 1996 vikawasukuma wanavijiji mjini, nyumba zikapanda miteremko ya mtaa wa Kadutu, na kila masika udongo, taka na maji ya vyoo huteremka pamoja hadi mlangoni mwa mto, yaani katika ukingo ule ule ambao ndio peke yake wenye wanyama wa chini.

Wabelgiji walitoa kipimo chao cha kujua usafi wa mto kwa wanyama wake mwaka 1983, walipokwisha kuondoka Kongo zamani. Wala kisingefaa kuchukuliwa kizima kizima, kwa sababu vipimo vya Ulaya huwapa daraja ya juu nzi wa mawe, ambao huko wana jamaa nyingi, na katika Afrika ya kitropiki karibu wote ni wa jenasi moja, Neoperla. Basi mizani ya Kahuwa haina budi kutafutwa katika vijito vinavyotoka msitu wa Kahuzi-Biega, kabla havijafika mashambani, vikapimwa kiangazi na masika.