Umeingia, lakini orodha haiji: deni la FTP tangu 1971

Tuseme uko likizo kwenu Ikinga, bando limekata, na unataka kujifunza kuendesha seva. Kama VirtualBox na Linux ulishazipakua ukiwa chuoni, intaneti huihitaji. Unawasha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, unaweka seva ya FTP humo, unaielekezea poti 21, kisha unaiita kutoka Windows ya laptop hiyohiyo. Jina limekubaliwa, nywila imekubaliwa. Unaomba orodha ya mafaili... kimya.

Wengi hapo hufuta kila kitu na kuanza upya. Usifute. Tatizo hili limekuzidi umri.

FTP iliandikwa na Abhay Bhushan, akiwa mwanafunzi wa MIT huko Marekani, na ikatoka kama waraka RFC 114 Aprili 1971. ARPANET ilikuwa na mashine chache, na kila moja ilikuwa na anwani yake inayofikiwa na wenzake. Toleo tunaloliegemea hadi leo, RFC 959 la Oktoba 1985, lina njia mbili: moja ya maagizo, nyingine ya mzigo wenyewe. Na kwa kawaida seva ndiyo iliyofungua hiyo ya pili! Ni sawa na kumpigia mtu simu, unamtajia namba nyingine, naye anakupigia huko. Enzi zile hakuna aliyeona ajabu.

Baadaye anwani zikaanza kuonekana haba. Mei 1994 ikaja RFC 1631 na mbinu ya NAT, kompyuta nyingi zikajificha nyuma ya anwani moja. Seva ikipiga, inagonga ukuta. Februari mwaka huohuo Steven Bellovin, akiwaza kuta za ulinzi, alikuwa ameshashauri katika RFC 1579 kwamba programu zitumie agizo la PASV, ambalo RFC 959 ilikuwa nalo: anayeomba ndiye afungue njia zote mbili.

Safi, lakini hiyo ni dawa ya mwombaji aliyejificha. Kwenye laptop yako aliyejificha ni seva.

VirtualBox, usipobadili kitu, huiweka mashine pepe nyuma ya NAT, mara nyingi kwa anwani 10.0.2.15. Ukituma PASV, seva inajibu 227 na namba sita, mathalani 10,0,2,15,195,80. Nne za kwanza ni anwani. Mbili za mwisho ni poti: 195 × 256 + 80 = 50000. Seva haijakosea, imekuelekeza kwa uaminifu kabisa kwenye nyumba ambayo wewe huna njia ya kuifikia.

Kwa vsftpd, funga wigo wa poti kwa pasv_min_port na pasv_max_port, tuseme 50000 hadi 50010, weka pasv_address iwe 127.0.0.1, kisha zielekeze poti hizohizo kwenye VirtualBox. Mimi napendelea kubadili mtandao uwe Host-only Adapter: mashine mbili zinaonana moja kwa moja, NAT haipo, habari imeisha.

Nje ya laptop yako, FTP tupu iache, maana nywila inapita wazi. Firefox na Chrome ziliiondoa 2021. SFTP, ingawa majina yanafanana, ni itifaki nyingine: inapita ndani ya SSH, maagizo na mzigo njia moja. Ijaribu kwenye mashine hiyohiyo na NAT ileile. Elekeza poti 22 peke yake, na orodha inakuja.