Pepo Kaondoka, Jina Limebaki

Huku kwetu Handeni na Korogwe, bibi kizee akishaitwa mchawi, basi tena. Ndiyo maana mwisho wa filamu ya The Conjuring (2013) ulinikera. Ed na Lorraine Warren wanamfukuza pepo wa mchawi Bathsheba, kunakucha, mama kapona. Historia je? Bathsheba Sherman aliishi kweli Rhode Island, Marekani. Alifariki mzee, 1885, na hakuna ushahidi kwamba alikuwa mchawi. Familia ya Perron nayo haikupona usiku mmoja: ilikaa nyumba ile mpaka 1980. Kwetu, Sheria ya Uchawi ya 1928 ilifanya kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa. Lakini ndugu msomaji, marehemu atamshtaki nani?