Istanbul: Nani Alilipia Shurba?



Vijana wengi wa Afrika Mashariki siku hizi wanasoma Uturuki, na wakirudi likizo mazungumzo ya chakula hayaishi: kababu, baklava, lokum. Basi leo tuitazame Istanbul kwa upande wa jikoni, tangu meza ya Sultani hadi sinia la mchuuzi wa njiani. Tutauliza swali ambalo wageni wengi hawaliulizi. Chakula hicho chote kililipiwa na nani, na maskini wa mji walikula nini?

Tuanze juu kabisa. Sultani Mehmed wa Pili aliuteka mji mwaka 1453, na baada ya miaka michache akaanza kujenga kasri la Topkapı. Ukiingia leo utaona safu ndefu ya majiko yenye makuba na mabomba marefu ya moshi. Moto uliyaunguza mwaka 1574, na Sinan, yule msanifu mkubwa wa misikiti, ndiye aliyeyajenga upya. Kulikuwa na jiko la Sultani, la mama yake, la wanawake wa kasri, la mawaziri, na jiko la peke yake la halua ambalo lilipika pia sharbati na dawa. Katika karne ya 17 wafanyakazi wa majiko haya walizidi elfu moja. Sultani alipenda kulia vyombo vya kauri ya kijani kutoka China, kwa kuwa watu waliamini kwamba vinabadilika rangi vikitiwa sumu. Mwenye ufalme mkubwa kiasi hicho anakula kwa hofu!

Hata jeshi lilijipanga kwa lugha ya jikoni. Askari wa Janissary walikuwa na masufuria makubwa ya shaba ambayo kwao yalikuwa na heshima kama bendera, na kamanda wa kikosi aliitwa çorbacı, yaani mwenye shurba. (Ndiyo, ni shurba ile ile tunayofuturia sisi, Waturuki husema çorba.) Kila katikati ya Ramadhani walipelekewa baklava kutoka kasri, sinia moja kwa askari kumi. Na wakikasirika walilipindua sufuria. Sufuria likipinduliwa mji mzima ulijua kwamba maasi yameanza, na masultani kadhaa waling'olewa na askari hao. Mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili alilivunja jeshi hilo kwa mizinga na damu nyingi.

Lakini watu wengi wa Istanbul hawakuwahi kuliona sinia la kasri. Hapa ndipo penye habari yenyewe.

Msikiti mkubwa wa Kiothmani haukusimama peke yake. Pembeni yake palikuwa na madrasa, hospitali, hamamu, na jiko lililoitwa imaret. Msikiti wa Fatih, uliojengwa kati ya 1463 na 1470, ulikuwa na imaret iliyolisha watu zaidi ya elfu moja kwa siku. Süleymaniye, uliojengwa kati ya 1550 na 1557, ulikuwa nayo vilevile. Chakula hicho hakikutegemea tajiri aamke na moyo mzuri. Kilikuwa wakfu. Hati ya wakfu ilitaja maduka, mahamamu, vinu na mapato ya vijiji vizima ambavyo fedha zake ziliwekwa kwa kazi hiyo, ikataja idadi ya wapishi na mishahara yao, ikataja hata kilichotiwa chunguni. Kwa kawaida ilikuwa shurba ya mchele asubuhi na shurba ya ngano jioni, pamoja na mkate. Usiku wa kuamkia Ijumaa na usiku wa Ramadhani ulipikwa wali kwa nyama, na zerde, wali mtamu wa rangi ya zafarani. Msafiri alikuwa mgeni wa siku tatu.

Soko la Misri, lile la viungo ambalo kila mtalii hulipiga picha, lilijengwa miaka ya 1660 kwa njia hiyo hiyo. Turhan Sultan, mama yake Mehmed wa Nne, alilijenga ili kodi ya maduka yake iutunze Msikiti Mpya ulio jirani. Hürrem, mke wa Sultani Süleyman, aliupeleka utaratibu huu hadi Jerusalem, ambako jiko lake la mwaka 1552 limeendelea kugawa chakula hadi zama zetu.

Hata hivyo tusiupambe mno utaratibu huu. Watu walikula kwa zamu na kwa cheo: wafanyakazi na wanazuoni kwanza, kisha wanafunzi, na maskini mwisho kabisa na kilichobaki. Na yule mkulima wa kijijini ambaye zaka na kodi yake ndiyo iliyonunua mchele, hakuonja shurba hiyo. Kwa maoni yangu, jambo kubwa hapa ni kwamba haki ya kula iliandikwa, ikapewa mali yake, ikawekewa msimamizi.

Njiani nako serikali ilitia mkono. Kadhi na muhtasibu walipanga bei na uzito wa mkate, na mwoka mikate aliyepunja aliadhibiwa. Kumbukumbu za mahakama ya Üsküdar za mwaka 1593 zinataja uzito na bei ya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta ambao bado unauzwa kila pembe ya mji. Maduka ya kahawa yalifunguliwa miaka ya 1550 na watu wawili kutoka Sham, na Murad wa Nne aliyafunga mwaka 1633, akihofia siasa zinazozungumzwa juu ya kikombe.

Neno kwa familia zinazosafiri. Utaona kome waliojazwa wali wakiuzwa barabarani jioni, na utamwona Mturuki mcha Mungu akiwapita. Wahanafi hawali cha baharini isipokuwa samaki. Sisi Mashafii wa pwani jambo hili halitusumbui. Utasikia pia jina boza, ukadhani ni busaa. Ni kinywaji kizito cha nafaka, jamaa ya togwa, na duka maarufu la mtaa wa Vefa linakiuza tangu 1876. Kinachachuka kidogo, kwa hiyo mwenye kujihadhari aulize kabla ya kunywa.

Usidhani pia kwamba mapishi haya ni ya Waislamu peke yao. Waarmenia, Wagiriki na Wayahudi walipika mji huu pamoja na Waturuki. Pandeli, mkahawa maarufu wa Mgiriki mmoja wa mji huo, uliharibiwa katika ghasia dhidi ya Wagiriki za Septemba 1955. Ndipo ukahamia juu ya lango la Soko la Misri, penye vigae vya buluu. Wageni wa heshima wakalishwa hapo, huku majirani wengi wa mpishi wakiuhama mji.

Ukipenda kula kwa bei nafuu, panda kilima hadi Süleymaniye. Ng'ambo ya msikiti, katika vibanda vilivyokuwa sehemu ya madrasa za Sultani, wanauza kuru fasulye na pilav. Kwa Kiswahili ni wali maharage, na kijana wa kwetu akikionja hatajiona mgeni. Sultani Süleyman hakukila, kwa sababu maharage haya asili yake ni Amerika, na wakati ule jungu la imaret lilikuwa la mchele na ngano. Mwanafunzi wa zamani alivuka tu njia, akapokea bakuli lake na mkate, akarudi darasani. Wa leo anatoa lira mfukoni mwake.